Badala ya Mifuko ya Mchanga

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa jiografia amesema muhula huu kila mmoja wetu aandike hali ya hewa ya kila siku, na kama kuna jambo la nyumbani lililoguswa na hali hiyo, aliandike pia. Amesema hataki uongo na hataki mapambo. Nitajaribu.

Hali ya hewa: mvua ya kwanza. Imeanza mchana tukiwa darasani, ikalipiga bati mpaka Mwalimu akaweka chaki chini, akakaa.

Jambo la nyumbani: Baba amerudi. Yeye ni dereva wa watalii. Anawapeleka wageni hifadhini kuona wanyama, na wageni hupenda kuja kiangazi. Kwa hiyo kiangazi tuna Baba wa kwenye simu, na wakati wa mvua tunaye mwenyewe, mpaka Mama anamwomba atafute cha kufanya. Leo ameingia na begi lake lenye vumbi jekundu. Bibi, ambaye ni mama yake Baba na anaishi nasi, amelipokea mlangoni, akalikung'uta, akasema, "Nimeletewa vumbi tena. Tembo mwenyewe sijaletewa."

Husema hivyo kila mwaka. Bibi hajawahi kuingia hifadhini. Mama pia hajawahi. Mimi pia. Na kila mwaka Baba humjibu, "Wakati mzuri ukifika, Mama, nitawapeleka wote."

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Jumatano, 6 Machi

Mvua asubuhi. Baba amerekebisha bawaba ya mlango ambao haukuwa na ubovu wowote. Sasa unalia.

Jumamosi, 9 Machi

Mawingu, halafu manyunyu. Nimekwenda na Baba ofisini kwao. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na gereji iko nyuma. Meneja huketi karibu na simu. Kila anayepiga huuliza wakati gani wa mwaka ni mzuri kwa safari ya kuona wanyama, naye hujibu kwa sauti ileile, "Njooni kiangazi." Fundi wa magari amempa jina la Bwana Kiangazi. Akiwepo anaitwa Meneja.

Ukutani kuna ubao mkubwa wenye miezi kumi na miwili, kila mwezi na rangi yake, ili mgeni akiingia aone mwenyewe. Rangi zimefifia. Baba alimwambia Meneja kwamba mimi nina mwandiko mzuri shuleni. Meneja akanitazama juu ya miwani.

"Mkono wako umetulia?"

"Ndiyo, Meneja."

"Basi njoo Jumamosi. Kijani ni miezi mizuri, njano ni ya wastani, kijivu ni ya kutokuja. Na usinibunie."

Nimeahidi kutobuni.

Jumapili, 10 Machi

Jua kidogo. Shangazi amepiga simu. Ana mimba ya mapacha. Sote tulizungumza kwa wakati mmoja mpaka Mama akaiweka simu mezani, kila mtu akawa anaiinamia. Shangazi anaishi mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Ameomba Bibi aende akae naye. Bibi amekubali kabla swali halijaisha. Ataondoka mwisho wa Mei.

"Utakaa sana?" nilimuuliza.

"Mtoto mmoja nitamkalia mpaka atembee," alisema. "Wawili, mpaka waanze shule. Hiyo ndiyo hesabu yangu, wewe Karani."

Ananiita Karani kwa sababu naandika. Nilicheka, kisha nikakumbuka ubao. Kijani kinaanza Juni.

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wakati wa chakula Bibi alisema, bila kumtazama mtu, "Nimezaa mtu anayelala na kuamka na tembo, na ninahama bila kuona hata mkia."

Baba akasema, "Mama, Julai utakuja kututembelea. Nitakupeleka wakati mzuri kabisa."

"Julai utakuwa na wageni wako."

"Nitaomba ruhusa."

"Siku ya harusi yako uliomba ruhusa, ukaja na buti."

"Aliyavua wakati wa picha," Mama akasema, akimtetea.

"Alivua moja," alisema Bibi.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua nyepesi. Nimepaka kijani kuanzia Juni hadi Oktoba, nikatoka nje ya mstari mara moja tu, hapo penye S ya Septemba. Nimepaka njano miezi ya wastani. Ilipofika Machi, Aprili na Mei nilichovya brashi kwenye kijivu, nikabaki nimeishika. Niliwaza kwamba hiyo ndiyo miezi ambayo sisi tuna Baba. Ubao huu ukitundikwa nyumbani kwetu itabidi rangi zibadilishane.

Baba alikuwa dirishani anakunywa chai na Fundi. Nilimuuliza, "Baba, miezi ya kijivu wanyama huenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanatawanyika. Maji yamejaa kila kona, kwa nini wasongamane kisimani kama watu wenye ndoo? Na nyasi zimerefuka, huwaoni. Lakini wapo. Ndio kwanza swala wanazaa. Kitoto kinaanguka kutoka kwa mama yake, kinasimama, kinaanguka, kinasimama, halafu kinakimbia kana kwamba kilikuwa kinakumbuka tu. Na ndege. Ndege ambaye kiangazi ni kama kipande cha gunia, wakati wa mvua anavaa nyekundu mpaka unadhani ni ua. Na mbingu ya huko, mwanangu, mvua inakuja unaiona tangu ikiwa ya watu wengine."

Chai yake ikawa imepoa. Fundi akamwambia, "Mbona wageni huwaambii haya?"

"Mgeni anataka simba kabla ya chakula cha mchana."

Meneja akaita kutoka chumba cha pili, "Kijivu kimekauka?"

Nilimjibu kwamba bado sijakikoroga vizuri. Ilikuwa kweli.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua kubwa. Nilishindwa kupaka kwa sababu ubao ulikuwa na unyevu, nikateremka gerejini. Fundi ameitoa injini ya gari la Baba, imelala juu ya meza kama mgonjwa. Kando ya ukuta kuna mifuko ya mchanga imeketi kwa safu, na kila mmoja umechorwa uso kwa chaki.

"Hii ni ya nini?"

"Hawa ni wageni wangu," Fundi akasema. "Huyu ni Daktari. Huyu ni mke wake, hapendi vumbi. Yule mwembamba ni Profesa."

Alinieleza. Kila mwaka mvua inapoelekea kuisha, gari likishatengenezwa na kuzungushwa mjini wiki nzima, yeye na Baba hulipeleka hifadhini kwa siku moja, kabla wageni hawajaanza kuja. Wanaangalia njia zilizoharibika, na wanaangalia gari linavyopanda na kusimama likiwa limejaa. Ili lijae, wanaweka mifuko kwenye viti na kuifunga mikanda.

"Kwa nini msichukue watu?"

"Mchanga ni abiria mwema. Hauulizi simba yuko wapi, hauombi kwenda haja."

 Njia nzima ya kurudi nilikuwa naipanga mifuko ile vitini kichwani mwangu, na kila nikiipanga, mfuko wa Daktari ulikuwa umejifunga kitambaa cha Bibi.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Nimemwambia Mama tukianua nguo ambazo hazikukauka. Alisimama na shati la Baba mkononi, akaangalia mahali pasipo na kitu.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Baada ya kula, si kabla. Na usianze na 'Bibi anasema'."

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Nimemwambia Baba baada ya kula, na sikuanza na "Bibi anasema". Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama tunavyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana. Mvua si wakati wa safari," akainuka, akaenda kuufungua na kuufunga ule mlango unaolia.

Nimeandika hapana yake kwa sababu Mwalimu hataki uongo. Nadhani Baba hataki twende. Nadhani huko ana maisha mengine ya kijani, na sisi ni watu wake wa mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Sikwenda ofisini. Nilisema nina hesabu. Nilikuwa nazo.

Jumapili, 21 Aprili

Mawingu mazito bila mvua, watu wote wana kiu ya jua. Bibi ameanza kukunja nguo zake. Alimwita Baba aketi naye, akamwambia, "Haya, Dereva. Kama siendi, nionyeshe. Tembo anatembeaje?"

Baba alicheka, akakataa, kisha akasimama. Aliweka mkono mbele ya pua, akaanza kutembea sebuleni polepole, miguu mizito lakini haitoi sauti. Akapitia kati ya kiti na meza bila kugusa chochote. Akafika kwenye rundo la nguo za Bibi, akalinusa kwa mkono wake, akachukua kitambaa, akakiweka begani kwake kwa utaratibu. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa kingine.

"Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo. Ila mkubwa kuliko nyumba hii."

"Basi nipeleke nikaone."

Baba akaketi. Bado alikuwa anatabasamu. "Nikupeleke sasa, Mama, uone nyasi? Utarudi useme, kumbe miaka yote hii mwanangu alikuwa anaendesha gari kwenye nyasi."

Alisema kama mzaha. Hakuna aliyecheka. Bibi alikitoa kile kitambaa begani kwa Baba, akakikunja.

Nilikuwa nimekosea tarehe 10. Si kwamba hataki twende. Anaogopa. Wageni wakikosa kuona, wanasikitika wiki moja, wanakwenda kwao. Sisi tukikosa, tutakuwa tunamwangalia mezani kila siku.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Nimerudi ofisini. Fundi ameropoka. Nilipoingia, Meneja aliniuliza moja kwa moja, "Wewe ndiye unayetaka kubadilisha mchanga na bibi yako?"

"Ndiyo, Meneja. Lakini Baba amekataa."

"Amefanya vizuri. Njia zimeoza." Akachukua simu iliyokuwa inalia, akasema njooni kiangazi, akaiweka chini. Mkono wake ukabaki juu ya simu.

"Mama yangu naye alikuwa anataka kwenda," alisema. "Nilimwambia angoje kiangazi." Akavua miwani, akaifuta na shati. "Kiangazi kilifika."

 Nilimwambia nitakikoroga kijivu vizuri wiki ijayo. Akasema hakuna haraka.

Fundi asiendelee kumwita lile jina. Nitamwambia.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Shangazi amepiga simu tena. Daktari amemwambia mapacha huenda wakafika mapema, na apumzike. Bibi aende sasa. Mama amekata tiketi ya Jumatatu, tarehe 20. Gari la Baba limepangiwa kwenda kujaribiwa Jumamosi, tarehe 25.

Baba alikaa kizingitini akitazama mvua. Mama alimwita kula, hakuja. Halafu akainuka, akatoka bila mwavuli, akaelekea upande wa gereji. Bibi akasema, "Huyo amekasirika au amefikiri?"

"Akikasirika hubeba mwavuli," alisema Mama.

Amerudi ameloa, ana grisi mpaka masikioni. Amesema injini inarudishwa ndani wiki hii. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Tulimpa taulo.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua asubuhi, mchana imekatika. Baba amemwendea Meneja mwenyewe. Nilikuwa ubaoni nikijifanya napiga mistari.

"Nataka kusogeza siku ya majaribio. Tarehe 18."

"Kutakuwa na tope."

"Gari ambalo halijajaribiwa kwenye tope limejaribiwa nini?"

Fundi, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Injini itakuwa imezungushwa mjini siku tano. Inatosha. Nitakaa mbele mwenyewe."

"Na mchanga?" Meneja akauliza.

Baba akasema taratibu, "Mchanga ninao nyumbani."

Meneja alitazama dirishani. Kisha akasema kama ni watu badala ya mchanga, uzito uwe sawasawa, hataki majaribio ya uongo. Tukaitwa wote tuje tupimwe kwenye mizani ya mabegi ya wageni. Mama alisimama akapita bila maneno. Bibi alikataa kuvua viatu, akasema tembo hatamwona bila viatu. Akatosha mfuko mmoja na kidogo. Mimi nilikuwa pungufu sana, kwa hiyo Fundi ameamua nitakaa kiti kimoja na nusu mfuko wa mchanga. Amenipa Profesa.

"Nimepimwa kama begi," Bibi aliniambia tukirudi. "Nikipotea mnitafute kwenye mizigo."

Jumatano, 15 Mei

Mvua.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Gari linazunguka mjini. Limepita mbele ya shule, nikalitambua kwa sauti kabla ya kuliona.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua mpaka jioni. Baba amepiga simu kwa askari wa lango la hifadhi. Njia ya chini imefungwa, ya juu inapitika. Bibi ameshavaa nguo za kesho. Mama amemwambia azivue, zitakunjamana akilala. Amesema halali.

Jumamosi, 18 Mei

Hali ya hewa: asubuhi ukungu, kisha manyunyu, kisha jua la ghafla, kisha mvua nyingine tuliyoiona tangu ikiwa ya watu wengine.

Tuliondoka kabla ya kucha. Baba usukani, Fundi pembeni yake akiwa ameinamisha sikio kuisikiliza injini. Nyuma Bibi dirishani, Mama katikati, kisha mimi na Profesa, na viti vya mwisho Daktari na mke wake wakiwa wamefungwa mikanda. Kabla ya lango Baba alisimamisha gari, akageuka, akavaa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani.

"Karibuni sana. Naomba tusitoe mikono nje, tusipige kelele, na tusimame garini pale tu nitakaposema. Mwenye swali aulize."

Bibi akanyoosha mkono. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mama."

"Basi twende."

Nyasi zilikuwa refu kuliko nilivyodhani nyasi zinaweza kuwa. Zilipita pande zote mbili za gari, zikapangusa vioo. Baba akasema, "Upande wenu wa kulia, hapo huwa kuna kundi la nyati."

"Kulia kuna nyasi," alisema Bibi.

"Upande wa kushoto, chini ya ule mti, chui hupenda kupumzika."

"Nako kuna nyasi."

Tuliona masikio ya swala, masikio tu. Tuliona ndege wekundu wakining'inia kwenye mabua, na Bibi akamshika Mama mkono, akasema tazama wanavyojua kuvaa. Tuliona kobe anavuka njia, na Fundi akashukuru kwa kuwa ilibidi breki zijaribiwe. Mimi nilikuwa nimefurahi. Lakini kioo kidogo cha dereva kilikuwa kinanionyesha macho ya Baba, na kobe hakuwa amehesabiwa.

Saa zikaenda. Sauti yake ya wageni ikawa inapungua. Mwishowe akasema, "Juzi walikuwa hapahapa."

"Juzi ulikuwa gerejini," alisema Mama.

Fundi alicheka, Baba hakucheka. Akakata kona ghafla, akaingia njia ndogo inayokwenda chemchemi. Fundi akamwambia, "Kaka, hii haimo kwenye mpango." Baba akasema tutafika mara moja tu. Hatukwenda mbali. Gari liliteleza kama mtu aliyekanyaga sabuni, likainama upande wa nyuma, magurudumu yakazunguka bila kwenda. Baba akabadilisha gia, likazama zaidi. Akazima injini.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka mbali. Baba alishika usukani kwa mikono miwili akawa anautazama, hakugeuka.

"Mama, nisamehe," alisema. Ilikuwa sauti yake ya nyumbani. "Nilijua. Si wakati wake huu. Nilitaka tu uone walau mmoja."

Bibi alifungua mdomo kumjibu. Mama akamgusa goti.

Nyasi zilikuwa zinasogea. Si kwa upepo, kwa sababu zilisogea mahali pamoja, kama mtu anayepita kati ya nguo zilizoanikwa. Fundi akashusha mkono wake polepole juu ya mkono wa Baba. Halafu nyasi zikafunguka, akatokea tembo.

Alisimama njiani mbele yetu, akainua mkonga, akaunusa upepo wetu. Alikuwa mkubwa kuliko nyumba, Baba hakubuni. Tope limemfika magotini. Akatoa sauti ya chini ambayo niliisikia kwenye kiti kabla ya masikioni, na nyuma yake wakaanza kutoka wengine, mmojammoja, wanakanyaga pale alipokanyaga yeye. Walipita karibu sana, nikaona kope zao. Kitoto kimoja kilifika kwenye tope letu, kikateleza, kikaketi. Kikakaa hivyo kinashangaa. Aliye nyuma yake akakisukuma kwa paji la uso, kikasimama, kikaketi tena.

Bibi alinong'ona, "Yule wa mbele ni mama yao?"

Nilingoja Baba aeleze. Yeye hueleza kila kitu. Niligeuka nikamwona ameegemea kiti, amemwangalia Bibi, hawaangalii tembo kabisa. Akasema tu, "Ni bibi yao."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetambulishwa kwa mwenzake. Yule tembo wa mbele alikuwa amesimama kando mpaka kitoto kivuke. Kilipovuka alitutazama mara ya mwisho, akaingia nyasini. Nyasi zikafunga. Dakika hiyohiyo ingekuwa rahisi kusema hapajapita kitu, isipokuwa mashimo ya nyayo yalikuwa yanajaa maji.

 Kisha Bibi akasema, "Kumbe hawa ndio wanaoninyang'anya mtoto kila mwaka."

Baba akainamisha kichwa.

"Basi nimewasamehe," alisema Bibi. "Ningekuwa wewe, hata harusini nisingekuja."

Hapo Baba alicheka, akacheka mpaka akaweka kichwa kwenye usukani na honi ikalia, naye akashtuka kuliko sisi.

Tulingoja mpaka Fundi akahakikisha hakuna mkia uliobaki nyuma. Akashuka na Baba, wakachungulia magurudumu. Fundi akarudi dirishani kwangu akasema kwa heshima, "Samahani, tunamhitaji Profesa." Tukampasua tukammwaga chini ya gurudumu la kulia. Daktari naye akaenda la kushoto, mke wake akafuata. Gari likashika, likatoka. Mvua ilitukuta tukiwa tumeshafika njia kubwa, na Bibi akatoa mkono nje kuipokea. Hakuna aliyemkataza.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua nyepesi. Bibi ameondoka kwa basi la asubuhi. Amebeba begi la Baba la vumbi jekundu, alisema lake halifungiki. Alipokuwa dirishani alimwambia Baba, "Dereva, mwenzangu ukimwona msalimie." Nililia kidogo kisha nikaenda shule. Mwalimu aliniuliza kama ni mvua. Nilimwambia hapana.

Jumamosi, 25 Mei

Jua na mawingu. Nimekwenda kuumaliza ubao. Nilikoroga kijivu vizuri, sikuwa na sababu tena. Meneja akaja akasimama nyuma yangu, akatazama ile miezi mitatu mitupu.

"Baba yako aliandika ripoti ya majaribio," alisema. "Springi nzuri, breki nzuri. Mwisho akaandika: tembo, wanaridhisha. Sijui springi zinahusianaje na tembo." Akakohoa. "Una kijani kilichobaki?"

"Ninacho."

"Kichanganye na nyeupe. Kijani hafifu. Hicho si uongo."

Nimepaka Machi, Aprili na Mei kwa kijani hafifu. Sikutoka nje ya mstari hata mara moja.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna mvua. Mapacha wamezaliwa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Bibi amepiga simu Baba akiwa anafunga buti, kwa hiyo tuliiweka mezani tena. Amesema watoto wana nguvu, wa kike ana sauti. Amesema majirani wa huko wamesikia kwamba mwanawe ni dereva wa watalii, wamemuuliza ni wakati gani mzuri wa kwenda kuona wanyama.

"Ukawaambia nini, Mama?"

"Nimewaambia wasiende kiangazi. Kiangazi gari linapita tu. Waende wakati wa mvua, wakwame."

Baba amesema atamwambia Meneja aongeze ubaoni. Kisha akachukua begi la Bibi, lile lisilofungika, akatuaga. Nje gari lilikuwa safi, na vitini hapakuwa na mtu bado. Kabla ya kupanda alirudi, akautia mafuta ule mlango. Haulii tena. Mama amesema alikuwa ameshauzoea.

Hali ya hewa: jua. Upande wa hifadhi kulikuwa na wingu moja dogo. Nimeliangalia mpaka likaisha.